Mti wa Shina la Pembe Nne

Jumapili, 13 Aprili

Nimepanda paani baada ya swala ya alfajiri kama kawaida, kikombe cha kahawa mkono mmoja, mkono wa pili kwenye ngazi. Ngazi yalia. Magoti yangu nayo yaitikia. Mti uko. Kimo cha goti, majani ya kijivu, ndani ya debe la samli nililolitoboa chini mwenyewe.

Nikatia kidole udongoni. Umeloa.

Sikuutilia maji mimi. Sijautilia tangu Ramadhani. Mvua haijaanza. Kuna mtu.

Jumatatu, 14 Aprili

Niandike asili ya mti huu kabla sijaisahau. Naelekea umri wa kutafuta miwani iliyo usoni.

Aliniletea Mutiso, dereva wa lori anayepakia kwenye ghala letu Shimanzi. Gurudumu lilimpasukia huko kaskazini, ng'ambo ya Marsabit, kwenye mawe matupu. Akakaa kivulini mwa gari kungoja msaada, akasikia harufu kama ya dawa ya mafua. Ilikuwa ikitoka kwenye kichaka alichokikalia. Akachimba mche mmoja, akautia katika chupa iliyokatwa, akanikabidhi mbele ya wapagazi wote.

"Mzee Athumani, kila unachopanda kinakufa. Chukua huu. Umezoea shida."

Kweli tupu. Hata mshubiri wa ofisini ulinifia, na mshubiri haufi mikononi mwa mtu mwenye akili timamu.

Jina lake hasa sijalipata. Nimesoma kwenye simu, nimeutazama kwa kioo cha kukuzia, nikaridhika kuwa ni wa jamii ya mnanaa. Dalili zote zipo. Shina lina pembe nne; ukilizungusha vidoleni unazihesabu. Majani hutoka mawili mawili yakitazamana, na jozi ya juu hukata njia ya jozi ya chini. Ukilifinya jani, harufu inapanda mpaka machoni. Maua sijayaona bado. Wanasema maua ya jamii hii yana midomo miwili, wa juu na wa chini.

Midomo miwili. Basi umefika mtaa wake.

Jumanne, 15 Aprili

Nimempata mhalifu. Ni mama mkwe.

Bi Swafia hupanda paani asubuhi nikishaenda kazini, kutazama mirehani yake. Ana madebe yake manane kule upande wa kibla, na mirehani yake ni maarufu; hakuna harusi Mji wa Kale isiyotaka kikuba cha Bi Swafia, asumini na mrehani vimefungwa pamoja mpaka mtu anajua bi harusi amefika kabla hajamwona. Sasa maji yanayobaki huyamimina kwenye debe langu. Zuhura ndiye aliyeniambia.

"Asema kumnywesha kiumbe mwenye kiu kuna thawabu."

Nikamwambia mke wangu: mwambie mama kwamba kiumbe huyu hana kiu. Ni wa jangwani. Maji ndiyo yatakayomuua.

Zuhura akacheka. "Nikamwambie mamangu asichume thawabu? Mwambie weye."

Ajua kabisa siwezi.

Jumamosi, 19 Aprili

Nalieleza hili mara moja tu, hata kwa nafsi yangu.

Nyumba hii ni ya Zuhura. Alipewa na mamake, naye alipewa na mamake. Ndivyo wafanyavyo wao: nyumba hupewa mabinti, mume huingia na sanduku lake. Mimi niliingia na sanduku na redio. Redio imekufa.

Na Bi Swafia na mimi hatuzungumzi. Si ugomvi. Ni heshima. Mkwe hamkodolei macho mamake mkewe, wala hamjibu. Nikiingia chumba alichomo, naamkia nikitazama zulia. Yeye akinitaka jambo humwambia Zuhura: "Mwambie mumeo." Hata nikiwa nimesimama pale pale. Tangu nioe, jina langu halijapita mdomoni mwake. Salma wetu ameshamaliza chuo, bado mimi ni mumeo.

Sikuwahi kulalamika. Nilidhani ni raha. Mtu asiyesemezwa hagombezwi.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo amenipangusia majani.

Nimerudi kazini, upande mzima wa mti umegeuka kijani kibichi kama mchicha. Kitambaa chenye maji bado kiko ukingoni. Zuhura anasimulia akijizuia kucheka: mama aliona mti umeota ukungu, akahurumia, akafuta jani moja moja.

Si ukungu. Ni manyoya. Kila jani lina manyoya meupe, mafupi, yaliyosongamana kama sufi. Ndiyo kanzu yake. Hurudisha mwanga wa jua, hushika hewa karibu na jani ili unyevu usikimbie. Mti umejishonea nguo mwenyewe jangwani, bila fundi. Mama mkwe ameuvua nguo paani, mchana kweupe.

Nimekasirika. Nimekula wali wangu. Wali ulikuwa mzuri, jambo lililoniudhi zaidi.

Jumapili, 27 Aprili

Majani yaliyofutwa yamekauka kingo na kudondoka. Yaliyobaki na manyoya hayana neno.

Nimeandika kwa kalamu nene juu ya debe: USIGUSWE. Nikajiona shujaa.

Jioni nimekuta kikombe cha udhu cha mama mkwe kimewekwa mbele ya maandishi, yasisomeke.

Jumatano, 30 Aprili

Hili la leo hata Mutiso hakuamini.

Bi Swafia ana mguu unaomsumbua. Mwalimu alimwandikia kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ikaoshwa kwa maji, akanywa na kujipaka. Yakabaki maji kidogo. Sasa, maji ya kombe hayamwagwi shimoni wala njiani. Lazima yamwagwe pahali safi pasipokanyagwa na mtu. Shina la mti ndilo bora. Mirehani alikuwa ameshainywesha. Basi.

"Na tena mti wenyewe yuwaumwa," amemwambia Zuhura. "Na upate shifaa."

Niseme nini? Nimgombeze mtu kwa kumwaga Kurani miguuni mwa mti wangu? Nimesimama mbele ya udongo wa zafarani, nimeshindwa hata kunung'unika. Mwanamke huyu angekuwa mkuu wa bandari, meli zingejifunga zenyewe.

Jumapili, 4 Mei

Mvua. Yote kwa pamoja.

Mizizi ya mti huu hutafuta maji mbali na chini, kwenye mawe. Ikikaa ndani ya maji, huoza. Nimelipandisha debe juu ya vipande vya matumbawe vilivyoanguka ukutani, nikamwaga nusu ya udongo, nikauchanganya na kokoto na vigae vilivyopondwa. Nimefunga kipande cha bati juu yake kwa waya. Yaonekana kama kibanda cha kuku kisicho na kuku.

Jirani wa ng'ambo ya kichochoro amepiga kelele dirishani kuuliza kama napanda bangi. Nikamwambia bangi haina shina la pembe nne. Akaniuliza nimejuaje. Mazungumzo yakaishia hapo.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua. Bati limeruka. Nimelikuta kwenye kichochoro, mbele ya duka la kahawa, wanaume wa baraza wamelikalia wakicheza keram. Wamenirudishia kwa masharti kwamba niwaambie mgonjwa aendeleaje.

Jumamosi, 10 Mei

Matawi mawili yameoza kutoka chini. Nimeyakata. Ndani ni meusi na laini. Harufu bado imo, hata ndani ya uozo.

Nimesikitika kuliko inavyofaa mtu wa umri wangu.

Jumatano, 21 Mei

Nusu ya mti imekwenda. Nusu iliyobaki imesimama. Mutiso amenipa pole, kisha ameniambia niukubali mwisho wake, Mombasa si mahali pa mti ule, hewa yenyewe hapa ni supu.

Nikamwambia: wewe ni wa Machakos, na upo.

Amecheka mpaka akaegemea lori. Lakini sikuwa nafanya mzaha. Watu wote wananiambia haufai kuwa hapa. Na mimi kila nikisikia maneno hayo nayasikia kwa masikio mawili, moja la mti, moja la sanduku langu. Hautoki. Ukifa, utakufa hapo hapo ulipo, ukiwa wangu.

Jumapili, 1 Juni

Habari imekuja rasmi. Rehema, mtoto wa dadake Zuhura, aolewa Jumamosi ya tarehe kumi na nne, baada ya Idi. Wageni wanawake watakaa paani chini ya turubai. Paa lisafishwe.

Bi Swafia alikuwa kitini mwake ukumbini. Zuhura ana ufagio. Mimi nimesimama mlangoni nikitazama zulia.

"Mwambie mumeo lile debe lake litoke. Akalitupe. Watu watasema nyumba hini yapanda vichaka."

Zuhura akanigeukia. "Baba Salma, mama asema..."

"Nimesikia."

Kisha, sijui ilitoka wapi, nikainua macho kutoka zuliani baada ya miaka yote hii, nikamtazama usoni. Ana macho ya Zuhura. Sikuwa nimejua.

"Hautoki, mama."

Ufagio ukaanguka. Nilimsikia muuza viazi karai akipita nje.

"Nyumba hini ni ya nani?" Aliniuliza mimi. Si Zuhura. Mimi.

"Ni yenu. Debe ni langu."

"Athumani."

Hivyo tu. Jina langu, kavu. Nikaondoka, nikaenda msikitini mapema kwa swala ambayo wakati wake ulikuwa haujaingia.

Jumatatu, 2 Juni

Zuhura hasemi nami. Chai imewekwa, sukari haikutiwa.

Nina hasira. Nina aibu kwamba nina hasira. Bado nina hasira.

Jumanne, 3 Juni

Amesema. Usiku nilipokuwa nakunja kanzu.

"Mti tu, Baba Salma. Wanivunjia heshima kwa mamangu kwa mti tu? Nusu yake imeshakufa."

Nikamwambia kila kitu nyumbani humu nilikikuta. Kitanda nilikikuta. Misumari ya kutundikia kanzu niliikuta. Sikulalamika na silalamiki, nimekaa kwenu vizuri kuliko nilivyostahili. Lakini mti ule haukuomba ruhusa kwa mtu, nami sitauombea.

"Na mama akiamua kukufukuza na mti wako?"

"Nitakwenda Ganjoni kwa dadangu. Kwenye tuktuk, debe mapajani."

Alinitazama sana. "Hutaweza kuteremka ngazi na debe," akasema. "Mgongo wako huo."

Hilo nalo ni kweli. Lakini sikulisema.

Ijumaa, 6 Juni

Idi. Nimeswali, nimezuru, nimekula nyama mpaka nikaona haya. Nilipomwamkia Bi Swafia kwa salamu za Idi, akaitikia, kisha akamwambia ukuta: "Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi."

Ukumbi mzima ukacheka. Hata mimi nusura.

Idi ndiyo hii, imefika na imepita. Mkaidi bado hajafaidi kitu, bado hajang'olewa pia.

Jumapili, 8 Juni

Nitaandika polepole, nisiongeze.

Asubuhi nilisikia ngazi ikilia nikiwa tayari nimo paani. Si kulia kwangu, nakujua. Ni Bi Swafia, na mguu ule, bila fimbo, buibui amelifunga kiunoni. Alipotokeza kichwa nilitaka kwenda kumshika mkono. Sikuthubutu. Mkwe hamshiki mkwewe. Tukabaki hivyo, yeye akihema, mimi nikiwa nimenyoosha mikono hewani kama mtu apimwaye shati.

Akanipita. Akaenda moja kwa moja kwenye debe.

"Wewe huutoi. Watoto wa siku hizi hawatumiki. Nitautoa mwenyewe."

Nikasimama kati. Kisha nikaona upumbavu wake: siwezi kumzuia kwa mwili. Nikakaa chini kwenye zege, kando ya debe, nikalikumbatia. Mzee wa miaka hamsini na mbili, karani wa ghala, amekumbatia debe la samli. Kama jirani wa ng'ambo alikuwa dirishani, Mungu amsitiri yeye, mimi nimekwisha.

"Hautoki, mama. Nisameheni. Lakini hautoki."

Aliinama, akalishika shina juu ya mikono yangu ili alivute. Halafu hakuvuta.

Vidole vyake vikaanza kulizungusha shina. Taratibu, huku na huku, kama anavyozungusha vijiti vya mrehani kabla ya kuvifunga na asumini. Vidole vile vimefunga vikuba tangu hajaolewa. Vilijua kabla yake.

"Lina pembe."

"Nne," nikasema.

Akaligeuza jani, akatazama la pili lililo mkabala nalo. Akatazama jozi ya chini. Akageuka kuitazama mirehani yake kule upande wa kibla, kisha akarudi.

"Hili ni la kina mrehani."

"Ndiyo, mama. Jamaa moja. Huyu ni ami yao wa jangwani, yule asiyekuja harusini."

"Mbona hukusema?"

"Mimi na nyinyi hatuzungumzi, mama."

Akalifinya jani, akalinusa, akakunja uso.

"Mrehani wanukia. Hili lanuka duka la dawa." Akapangusa vidole kwenye buibui. "Na yale meupe?"

"Manyoya. Ni nguo yake."

"Nami nikaifua."

"Mliifua vizuri sana."

Hapo ndipo mdomo wake ulipotaka kucheza, akauzuia. Hakuung'oa. Akasema usogezwe basi mpaka pembeni, nyuma ya tangi la maji, wageni wasiuone.

"Hausogei," nikasema.

Sijui ni shetani gani. Mama alikuwa ameshanikubalia ubaki.

Bi Swafia alisimama pale akinitazama, mimi bado nimekumbatia. "Zuhura," akaita kuelekea chini, "mumeo ameharibika." Akashuka mwenyewe, kipago kimoja kimoja, akikataa kushikwa na yeyote.

Jumamosi, 14 Juni

Harusi. Wanaume tumefukuzwa nyumbani tangu mchana, nimekaa barazani kwa watu. Nimesikia vigelegele na magoma juu ya kichwa changu, nikafikiria wanawake wale wote na vikombe vyao vya sharubati, na debe langu katikati yao. Mwenye kikombe kilichobaki nusu atatafuta pa kumwaga.

Nimeambiwa na Zuhura baadaye. Yeye ndiye aliyelivika debe leso ili lisiaibishe. Ile ya SEMENI MTACHOKA. Mgeni mmoja akauliza ni kitu gani kile, mbona hakikutolewa. Bi Swafia akajibu kabla mtu hajafungua mdomo:

"Ni jamaa ya mirehani. Ametoka mbali. Na atakayemtia maji nitamjua."

Nimemwomba Zuhura anirudilie mara mbili. Amekataa mara ya tatu.

Jumatatu, 16 Juni

Zuhura ataka niende nikaombe radhi. Asema jambo limekwisha, sasa niling'arishe. Nikamwambia nitaomba radhi kwa kumtazama usoni, kwa sauti, kwa kumkatalia mbele ya mwanawe. Kwa mti, la.

"Basi usende kabisa," akasema.

Sikwenda.

Jumapili, 22 Juni

Upepo wa kusi. Hewa nyepesi. Kwenye kigutu nilichokata mwezi jana yametoka majani mawili, madogo kama kucha za mtoto, yakitazamana. Meupe. Yamekuja na manyoya yao.

Maua hakuna. Sina haraka.

Bi Swafia amepanda. Amekuja kukata mrehani. Kiti ni kimoja, changu, kwa hiyo nikashuka kuleta cha pili. Amekigeuza, akaelekea kibla kwa madebe yake. Mimi nimeelekea huku kwa langu. Migongo yetu karibu kugusana. Hapo hakuna wa kumtazama mwenziwe, na adabu imebaki palepale.

Nikanywa kahawa, nikakohoa.

"Athumani, punguza kahawa," akasema.

Nimepunguza sukari. Kahawa, la.